Vifaa Visivyo na Mwenyewe: Kulinda Kompyuta za Kampuni ya Usafirishaji

Mtu akiniuliza aanzie wapi kulinda kompyuta za kampuni ya usafirishaji wa mizigo, jambo la kwanza ninalomwomba ni orodha ya vifaa vyote vinavyogusa mtandao wa kampuni. Kwa kawaida huletewa orodha nadhifu ya kompyuta za mezani, kompyuta mpakato na seva, kila kifaa kikiwa na jina la anayekitumia na chumba kilimo. Orodha hiyo haina uongo, ila ni orodha ya ofisi, ilhali mizigo haipiti ofisini. Inapita ghalani, getini, kwenye jukwaa la kupakilia na barabarani, na huko ndiko kuliko na skana za mkono za kusomea misimbopau, printa za lebo, vishikwambi vilivyofungwa kwenye foklifti, mizani inayotuma uzito moja kwa moja kwenye mfumo, kamera za geti, vifaa vya kufuatilia magari, simu za madereva, na ile kompyuta ya zamani kwenye kona ya ghala ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa lini, ila kila mtu anajua kwamba ikizimwa lebo hazitoki.

Vifaa hivi vina sifa moja inayovifanya viwe hatari kuliko kompyuta ya mhasibu, nayo ni kwamba havina mwenyewe. Skana ni ya zamu, si ya mtu. Kifaa cha kufuatilia gari kilifungwa na fundi wa kampuni nyingine, na nywila yake anaijua fundi huyo. Kamera zilinunuliwa na idara ya ulinzi, mizani ikanunuliwa na idara ya matengenezo, na simu ya dereva mara nyingi ni mali yake binafsi. Msimamizi wa mifumo huvisikia vikiharibika tu. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ulinzi katika sekta hii ni kuvitafutia vifaa hivi wenyewe, yaani mtu mwenye jina ambaye anawajibika kujua kifaa kiko wapi, kinatumia toleo gani la programu, nani ana ruhusa ya kukiingia, na lini kitaondolewa kazini. Programu ya kuzuia virusi inafuata baadaye, na kwa vingi kati ya vifaa hivyo haiwezi hata kusimikwa.

Tuitazame skana kwa karibu. Katika ghala lenye shughuli nyingi, mfanyakazi anayekusanya bidhaa huvaa glavu, hushika boksi kwa mkono mmoja na skana kwa mkono wa pili, na utendaji wake hupimwa kwa idadi ya bidhaa anazokusanya kwa saa. Mlazimishe kuandika nywila ya herufi kumi na mbili kila kioo kinapozima, na kabla ya juma kwisha utakuta nyuma ya skana kumebandikwa kipande cha utepe chenye jina la mtumiaji «ghala1» na nywila yake kwa wino mzito, huku skana zote za zamu zikiwa zimefunguliwa kwa jina hilo hilo. Kumkemea hakusaidii, kwa sababu amefanya kile ambacho kazi inamdai. Kinachosaidia ni kumpa njia ya kuingia isiyompunguzia kasi: asome beji yake mwenyewe kwa skana, aongeze namba fupi ya siri, na ruhusa hiyo idumu mpaka mwisho wa zamu au mpaka kifaa kirudishwe kwenye chaja. Namba fupi ni dhaifu, hilo halina ubishi, lakini udhaifu wake unafidiwa kwa kukinyima kifaa uwezo wa kufika popote isipokuwa kwenye seva ya ghala.

Ningeambiwa nichague kazi moja tu ya kufanya mwaka mzima, ningechagua hiyo ya kuugawa mtandao. Skana haina sababu ya kufungua tovuti, kusoma barua pepe wala kuzungumza na kompyuta ya mhasibu. Kamera haina sababu ya kuiona skana. Na simu ya mgeni anayesubiri mapokezini haina sababu ya kuona chochote zaidi ya intaneti. Kila kundi likae kwenye mtandao wake, na mlango kati ya kundi na kundi ufunguliwe kwa mahitaji yanayojulikana tu. Faida yake huonekana hasa kwa vifaa vilivyozeeka. Skana nyingi za miaka ya nyuma zinatumia Windows za vifaa vya mkononi, na Microsoft iliacha kulihudumia toleo la Windows Embedded Handheld 6.5 mnamo Januari 2020, lakini yako maghala yanayoendelea kuzitumia kwa kuwa zimetengenezwa imara na zinavumilia kuangushwa sakafuni. Sina ugomvi mkubwa na uamuzi huo, mradi skana hizo zimefungiwa mahali pake. Hata kifaa kipya hakipaswi kuaminiwa kwa upya wake: mwaka 2014 kampuni ya usalama ya TrapX iliripoti skana zilizotoka kwa mtengenezaji zikiwa tayari na programu hasidi ndani yake, ambazo zilipounganishwa na mitandao ya kampuni za usafirishaji zilianza kuzitafuta seva za fedha.

Anayetaka kuona mtandao usiogawanywa unavyoanguka asome yaliyoipata Maersk, kampuni ya meli za makontena, tarehe 27 Juni 2017. Programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya iliingia kupitia sasisho la M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi inayotumika Ukraine, kisha ikasambaa kwa njia mbili: kwa kutumia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imekwisha kuitolea kiraka mwezi Machi mwaka huo huo, na kwa kukwapua nywila zilizobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta moja na kuzitumia kuingia nyingine. Njia ya pili ndiyo inayosahauliwa. Kompyuta iliyosasishwa vizuri nayo ilianguka, maadamu msimamizi mwenye mamlaka juu yake aliwahi kuingia kwenye kompyuta ya jirani iliyokuwa imeambukizwa. Mwenyekiti wa kampuni hiyo wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza huko Davos mwaka 2018 kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi, na kampuni yenyewe ilikadiria hasara ya kati ya dola milioni 250 na 300 za Marekani. Siku hiyo hiyo kampuni ya vifurushi ya TNT Express, iliyokuwa chini ya FedEx, ilipigwa na dhoruba ile ile.

Kutokana na hayo, msimamizi wa mifumo anapaswa kuwa na akaunti mbili, moja ya kazi zake za kila siku na nyingine ya usimamizi, na hiyo ya pili isitumike kamwe kwenye kompyuta ya kawaida, hata kwa dakika tano za kumsaidia mtu aliyekwama. Nywila ya msimamizi iliyomo ndani ya kila kompyuta nayo iwe tofauti na ya kompyuta nyingine. Na akaunti zote zinazofikika kutoka nje ziwe na uthibitisho wa hatua mbili, kwa kuanzia na zile zenye mamlaka makubwa, ambazo afadhali zitumie funguo ndogo za kuchomeka kuliko namba zinazotumwa kwa ujumbe wa simu.

Kisa cha Maersk kina jambo jingine linalosimuliwa sana kwa sababu linashangaza. Seva zilizotunza majina na ruhusa za watumiaji zilikuwa nyingi, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na hilo lilichukuliwa kuwa ni akiba ya kutosha. Zote zilifutika dunia nzima isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na seva haikuwa mtandaoni. Orodha ya majina na ruhusa ya kampuni nzima ikajengwa upya kutoka kwenye seva hiyo moja. Mpango wa ulinzi usioandika popote kwamba utategemea kukatika kwa umeme haupaswi kuutegemea.

Kunakili data kutoka seva moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja ni kinga dhidi ya kifaa kuharibika. Dhidi ya mtu mwenye nia mbaya si kinga, kwa kuwa kinachofutwa huku hufutwa na kule. Kanuni ya 3-2-1 inajulikana na wengi: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, na moja nje ya jengo. Mimi huongeza kwamba moja kati ya hizo isifikiwe kwa nywila yoyote inayotumika kwenye mtandao wa kazi, hata ile ya mkuu wa mifumo, kwa maana wadukuzi wanaofunga mafaili ya kampuni ili kudai fidia huanza kwa kuzisaka nakala rudufu kabla hawajafunga chochote. Kampuni ya KNP ya Uingereza, ambayo chimbuko lake ni Knights of Old iliyoanza kusafirisha mizigo mwaka 1865, ilikuwa na malori yapata 500 iliposhambuliwa mwaka 2023 na kundi linalojiita Akira. Ilikuwa na bima ya mashambulizi ya mtandao, na ilieleza kwamba mifumo yake ilifuata viwango vya sekta. Inaaminika kwamba wadukuzi waliingia kwa kubahatisha nywila dhaifu ya mfanyakazi mmoja. Malori yalibaki mazima, madereva walikuwepo, lakini mifumo muhimu na taarifa za fedha ziliharibiwa, na kampuni ikashindwa kupata mtaji wa kuiokoa. Septemba mwaka huo iliwekwa chini ya wafilisi, na watu wapatao 700 wakapoteza ajira.

Swali ambalo wakurugenzi hawaliulizi vya kutosha ni mfumo upi urudishwe kwanza. Jibu la haraka huwa ni barua pepe, kwa sababu ukosefu wake unamkera kila mwenye ofisi. Katika kampuni yenye maghala, nadhani jibu hilo si sahihi. Maghala mengi ya kisasa hayapangi bidhaa kwa aina. Mfumo huchagua nafasi yoyote iliyo wazi na kuielekeza skana, hivyo boksi la dawa linaweza kuwa juu ya rafu moja na matairi ya baiskeli yakawa chini yake. Mpangilio huo unaokoa nafasi nyingi, lakini una maana kwamba mahali ilipo kila paleti ya mzigo panajulikana na hifadhidata peke yake. Ikipotea, bidhaa zote zipo na hakuna anayeweza kuzipata, isipokuwa kwa kuhesabu rafu kwa rafu huku wateja wakisubiri. Kinga yake ni rahisi mno kiasi kwamba huwa haifanywi: kila mwisho wa zamu, orodha ya bidhaa na nafasi zake ihamishiwe kwenye kompyuta mpakato moja ambayo baada ya hapo hutolewa kwenye mtandao na kufungiwa kabatini. Orodha ya jana si kamili, lakini itamwezesha msimamizi wa ghala kutoa sehemu kubwa ya mizigo ya leo. Na kurudisha data kujaribiwe kwa saa mkononi, kwenye seva tupu, ili anayemwahidi mteja muda wa kurejea kwa huduma awe anazungumza kwa kipimo.

Kuna hasara ambazo huja bila programu hasidi yoyote. Ujumbe wa barua pepe unaingia katikati ya mazungumzo yanayoendelea kuhusu shehena halisi. Namba ya hati ya shehena ni sahihi, jina la meli ni sahihi, kiasi cha ankara ni kile kile kilichokubaliwa, na hata mtindo wa salamu ni wa yule wakala mliyezoeana naye. Kilichoongezwa ni sentensi moja: akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tafadhali malipo ya ankara hii yaelekezwe kwenye akaunti iliyoambatishwa. Ukiitazama anwani kwa makini, herufi «m» katika jina la kampuni imeandikwa kwa «r» na «n» zilizosimama pamoja. Mtumaji anajua yote hayo kwa sababu amekaa kwa wiki kadhaa ndani ya sanduku la barua la mmoja wenu, akiwa ameweka kanuni ya siri inayomtumia nakala ya kila ujumbe wenye neno «ankara». Ujumbe huo hupenda kufika Ijumaa alasiri, wakati kontena linakaribia kuanza kutozwa kwa kuchelewa bandarini na mhasibu anashinikizwa alipe upesi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea kwa mwaka 2023 peke yake malalamiko ya ulaghai wa aina hii yenye thamani ya dola bilioni 2.9.

Hakuna programu inayozuia jambo hili kwa uhakika. Kinachozuia ni utaratibu kwamba mabadiliko yoyote ya akaunti ya benki huthibitishwa kwa kupiga simu kwenye namba iliyomo kwenye mkataba, kamwe si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe, na kwamba mtu wa pili hutia sahihi kabla fedha hazijatoka. Utaratibu huo utavunjwa siku ya kwanza ambayo mkurugenzi atamfokea mhasibu kwa kuchelewesha malipo, kwa hiyo mkurugenzi ndiye wa kufundishwa kwanza. Kwa upande wa mitambo, msimamizi wa barua pepe akague mara kwa mara kanuni za kusambaza ujumbe nje ya kampuni, au azizuie kabisa, na aweke mipangilio ya kuthibitisha mtumaji iitwayo SPF, DKIM na DMARC ili mwingine asiweze kutuma barua kwa jina la kampuni.

Taarifa za mizigo nazo ni mali inayoibika, na wengi hawazihesabu hivyo. Katika bandari ya Antwerp, kati ya mwaka 2011 na 2013, wasafirishaji wa dawa za kulevya waliajiri wadukuzi walioingia kwenye mifumo ya kampuni za makontena, wakajua kontena lipi liko wapi na namba ya siri ya kulitolea, kisha wakatuma madereva wao kulichukua kabla ya mwenyewe kufika. Programu zao zilipogunduliwa na kuondolewa, watu wao waliingia ofisini kwa miguu na kuacha vifaa vya kunasa yanayoandikwa kwenye kibodi, vikiwa vimefichwa ndani ya soketi za kuunganishia umeme za aina inayopatikana kwenye kila ofisi. Nikikumbuka kisa hicho huwa natazama chini ya meza. Namba za kutolea mizigo zionwe na wachache, kila anayezifungua jina lake libaki kwenye kumbukumbu, na zitolewe karibu na muda wa kuchukua mzigo badala ya siku nyingi kabla. Mbinu za siku hizi ni nyepesi zaidi: mwaka 2025 kampuni ya Proofpoint ilieleza jinsi wezi wanavyowashawishi wasafirishaji wadogo kusimika programu halali za kuongoza kompyuta kutoka mbali, kisha wanatumia majina ya wasafirishaji hao kuomba mizigo na kuitokomeza.

Hilo linanileta kwenye mlango ambao kampuni huufungua yenyewe. Mtengenezaji wa mikanda ya kusafirishia maboksi, fundi wa mizani, kampuni ya kamera na muuzaji wa mfumo wa ghala wote hupenda kuwa na njia ya kuingia saa yoyote ili wasaidie upesi. Njia hiyo ifunguliwe wanapoomba, kwa jina la mtu, na ifungwe wakimaliza. Watalalamika mwanzoni.

Kuhusu madereva nitakuwa mfupi. Ikiwa simu ni ya dereva, kampuni idhibiti programu ya kazi iliyomo peke yake na iweze kuifuta kutoka mbali bila kugusa picha zake, vinginevyo hatakubali, na atakuwa na haki. Simu ikipotea atoe taarifa saa hiyo hiyo. Kampuni inayomkata dereva mshahara kwa simu iliyopotea itaarifiwa siku tatu baadaye. Vifaa vya kurekodi saa za udereva vina matatizo yao: watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walionesha mwaka 2024 kwamba baadhi yake vilikuwa na nywila za kiwandani zinazobahatishika, na kwamba mashambulizi yangeweza kuhama kutoka lori moja hadi jingine kwa njia isiyotumia waya. Nywila za kiwandani zibadilishwe siku kifaa kinapofungwa, si siku kinapokaguliwa.

Yote hayo yakifanywa, iko siku ambayo skrini zitazimika hata hivyo, na siku hiyo inafaa kufanyiwa mazoezi. Chagua zamu yenye kazi chache, zima mfumo wa ghala kwa makusudi, na uone mizigo inatokaje kwa karatasi. Kitu cha kwanza kinachogunduliwa ni kwamba fomu za karatasi zilichapishwa wakati kampuni ina anwani nyingine. Cha pili ni kwamba namba za simu za madereva, wateja na wakala wa forodha zimo ndani ya barua pepe, nayo haifunguki. Cha tatu, ambacho ni kizito zaidi, ni kwamba hakuna anayejua nani ana mamlaka ya kuzima. Novemba 2023 DP World ya Australia, kampuni inayoendesha bandari za makontena, ilijikata yenyewe kutoka kwenye intaneti baada ya kugundua uvamizi; meli ziliendelea kushusha, lakini malori hayakuweza kuingia wala kutoka bandarini, na makontena yapatayo 30,000 yakarundikana kabla milango haijafunguliwa tena baada ya siku chache. Uamuzi huo una gharama kubwa, na anayeuchukua hufahamu kwamba kesho yake ataulizwa.

Wavamizi hupendelea usiku na mwisho wa juma, ambapo anayekuwapo ghalani ni msimamizi wa zamu na mlinzi, na meneja simu yake iko kimya. Kwa hiyo ruhusa hiyo iandikwe mapema, isainiwe na mkurugenzi na ibandikwe karibu na kabati la mtandao: ukiona mafaili yanabadilika majina yenyewe, au printa zote zinatoa karatasi yenye ujumbe wa kudai fedha, chomoa kebo yenye alama nyekundu, usiizime kompyuta yoyote kwa kuwa wachunguzi watahitaji kilichomo kwenye kumbukumbu yake, kisha piga namba hizi tatu kwa mfuatano mpaka mmoja apokee. Kebo iwekwe alama nyekundu leo, na msimamizi wa zamu ya usiku apelekwe akaioneshwe.